Kapu la chakula mjini Toronto: Bei hupangwa wapi, na mnunuzi afanye nini

Gharama za chakula katika jiji kubwa kuliko yote nchini Canada zimekuwa mzigo mzito kwa familia nyingi zilizotoka Afrika Mashariki na Kati. Makala haya yanaeleza jinsi bei hizo zinavyopangwa, na ni mahali gani hasa mnunuzi anaweza kubakiza chochote.

Mboga tuiitayo sukuma wiki ilipewa jina hilo na watu waliokuwa hawana kitu mfukoni. Mshahara umekwisha, juma bado halijakwisha, na majani hayo ya bei rahisi ndiyo yanayolisukuma juma hadi siku ya malipo. Nilipohamia Toronto niliikuta mboga hiyo katika duka kubwa lililo karibu na nyumba yangu, imefungwa kwa mpira na kunyunyiziwa maji, na bei yake haikuwa ya kusukuma hata siku mbili. Nikalipa, kwani nilikuwa mgeni na sikujua. Baada ya majuma matatu hivi nilishuka basi kimakosa huko Eglinton Magharibi, mtaa wenye maduka mengi ya Wajamaika, nikaona fungu kubwa kuliko lile likiuzwa kwa chini ya nusu ya bei niliyozoea kutoa. Majani yale yale, jiji lile lile.

Tangu siku hiyo nimekuwa na mazoea ya kuuliza kabla ya kununua. Nimefikia kuamini kwamba bei ya chakula mjini hapa hutegemea sana mambo yasiyohusu chakula chenyewe: mwenye duka ni nani, kipimo kilichoandikwa ni kipi, sheria ya kodi inasemaje, na bidhaa imebandikwa jina gani. Anayeyafahamu mambo hayo hubana matumizi bila ya kubana tumbo.

Huenda wewe unayetusikiliza kutoka Kigoma, Lamu au Muscat ukashangaa kwamba Canada nako watu wanahesabu bei ya mkate. Wanahesabu sana. Takwimu rasmi za Septemba 2022 zilionyesha kuwa bei za vyakula madukani zilikuwa zimepanda kwa asilimia 11.4 katika muda wa mwaka mmoja, kasi ambayo haikuonekana nchini humo tangu mwaka 1981. Kasi hiyo ilipungua baadaye, lakini kupungua kwa kasi si kushuka kwa bei. Kilichopanda kwa sehemu kubwa kilibaki juu. Shirika la Daily Bread, ambalo hugawa chakula kwa wahitaji wa Toronto, lilihesabu ziara milioni 3.49 katika vituo vya mtandao wake na vya mwenzake mmoja kati ya Aprili 2023 na Machi 2024. Mwishoni mwa mwaka 2024 baraza la jiji lilitangaza kuwa ukosefu wa uhakika wa chakula ni hali ya dharura.

Kwa mhamiaji liko jambo jingine lisiloingia katika takwimu hizo. Kodi ya nyumba hailipwi nusu. Nauli haipunguzwi kwa maelewano. Na simu ya kutoka nyumbani ikilia, ya karo ya mdogo wako au dawa ya mama, huwezi kusema kwamba umeisahau namba. Kinachobaki kubanwa ni chakula. Ninazifahamu familia ambazo watoto wao walikosa matunda kwa mwezi mzima ili fedha zifike Bukavu au Tanga kwa wakati, na wazazi hawakumwambia mtu. Kila dola inayookolewa dukani kwa ujuzi ni dola ambayo haikutolewa katika sahani ya mtoto.

Wenye maduka

Mgeni akitembea mitaani huona majina mengi ya maduka na kudhani kuwa yanashindana. Mengi yao ni ndugu wa tumbo moja. Biashara ya vyakula nchini Canada imeshikwa na makampuni makubwa matatu yenye asili ya huko huko, yaani Loblaw, Sobeys na Metro, yakifuatiwa na makampuni mawili ya Kimarekani, Walmart na Costco. Duka la No Frills ni la Loblaw. Food Basics ni la Metro. FreshCo ni la Sobeys. Hata T&T, duka la vyakula vya Kichina na Kiasia ambalo wengi hulidhania la wahamiaji wenyewe, lilinunuliwa na Loblaw mwaka 2009. Ripoti ya Juni 2023 ya idara ya serikali inayosimamia ushindani wa biashara ilieleza kuwa makampuni hayo matatu ya Canada yaliuza bidhaa za zaidi ya dola bilioni 100 katika mwaka 2022 na kupata faida ya dola bilioni 3.6.

Athari za hali hiyo zilidhihirika katika mkate. Desemba 2017 kampuni ya Loblaw pamoja na kampuni mama yake, George Weston, zilikiri kuwa zilishiriki katika mpango wa kupandisha bei ya mkate kwa makubaliano ya siri, mpango uliodumu tangu mwishoni mwa mwaka 2001 hadi mwaka 2015. Kwa kuwa ndizo zilizotoa taarifa, hazikushtakiwa kwa jinai. Wateja walipewa nafasi ya kuomba kadi ya kununulia bidhaa yenye thamani ya dola 25. Juni 2023 kampuni ya Canada Bread ilitozwa faini ya dola milioni 50 katika kesi hiyo hiyo, na mwaka 2024 Loblaw na George Weston zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 500, kadi zile zikiwemo, ili kumaliza madai ya wateja. Miaka 14, msikilizaji! Mtoto aliyezaliwa mpango huo ulipoanza alifika shule ya sekondari akila mkate wa bei ya njama. Nasema haya ili mtu asijilaumu kila fedha zinapomwishia.

Pamoja na hayo, ndani ya kila ukoo wa maduka mna duka la ghali na duka la rahisi, na bidhaa ile ile hupatikana katika yote mawili. Duka la kwanza la No Frills lilifunguliwa East York, hapa hapa Toronto, mwaka 1978, likiwa jengo kuukuu lililokuwa lifungwe. Wafanyakazi wachache, mapambo hakuna, mteja ajifungashie mwenyewe. Mwaka huo huo Loblaw ilianza kuuza bidhaa za paketi za manjano zisizo na jina la kampuni, No Name. Maharage ya kopo, chumvi, sukari, unga wa ngano na mafuta ya kupikia ni vile vile ndani ya paketi ya manjano na ndani ya paketi yenye picha nzuri, au tofauti yake haionekani mezani. Katika chai na kahawa sitokuambia hivyo. Hapo kila mtu na ulimi wake.

Ratili na kilo

Sasa tufike kwenye jambo linalowaponza wageni kuliko yote, nami liliniponza. Canada inatumia kilo kisheria, lakini vipeperushi vya bei na vibao vya nyama na matunda huandika kwa herufi kubwa bei ya ratili moja, na bei ya kilo huwekwa chini kwa herufi ambazo mtu mwenye miwani huzitafuta. Ratili ni gramu 454. Tuseme kibao kinasema mapaja ya kuku ni dola 2.99. Aliyezoea kilo huona ni nafuu, achukue mafungu mawili, kumbe kilo moja ni dola 6.59. Halafu anaingia katika bucha la jirani ambako bei imeandikwa kwa kilo, dola 5.99, anatoka akisema huyu ni mwizi.

Wazee wetu wa pwani walipima kwa kibaba na pishi, na kwa uzito walitumia ratili na frasila. Frasila ni ratili 35. Mfuko mkubwa wa mchele unaouzwa katika maduka ya Wahindi wa Toronto ni wa ratili 40, yaani kilo 18 na ushei, zaidi kidogo ya frasila moja. Ukigawanya bei yake kwa uzito, mara nyingi utakuta umepata mchele wa basmati kwa bei ya chini sana kuliko ule wa kifuko cha kilo moja au mbili. Mchele haulali ukaharibika, mradi uwe mahali pakavu. Familia mbili zinaweza kuugawana.

Katika jimbo la Quebec sheria inayalazimisha maduka kuandika bei ya kila gramu 100 kwenye rafu. Katika jimbo la Ontario, ambamo Toronto imo, hakuna sheria hiyo; maduka mengi huandika kwa hiari, mengine kwa gramu na mengine kwa ratili, hata katika rafu moja. Kwa hiyo piga hesabu mwenyewe kwa simu yako. Usiamini ukubwa wa paketi, kwani viwanda vimejizoesha kupunguza kilichomo na kuiacha paketi na bei vilivyokuwa. Wala usidhani kuwa kikubwa ni rahisi daima. Nimewahi kununua kopo kubwa la nyanya, nikafika nyumbani, nikagundua kuwa makopo mawili madogo ya punguzo yangenigharimu kidogo zaidi na kunipa nyingi zaidi.

Kodi huwa haionekani kwenye rafu. Ontario hutoza asilimia 13 juu ya bidhaa nyingi, nayo huongezwa unapofika kwa mtunza fedha. Vyakula vya msingi vimesamehewa: mchele, unga, maziwa, nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, mkate. Soda, peremende, viazi vya kukaanga vya paketi na karanga zilizotiwa chumvi hutozwa. Karanga mbichi zisizo na chumvi hazitozwi. Mwenye kikaango anajua la kufanya. Sheria hiyo ina vituko vyake pia: ukinunua keki ndogo tano au chini yake unalipa kodi, ukinunua sita hulipi, kwa sababu sita huhesabiwa kuwa ni za kupeleka nyumbani.

Viko pia vitu ambavyo kuzunguka madukani hakusaidii sana. Maziwa, kuku na mayai huzalishwa chini ya mfumo wa migawo uliojengwa nchini tangu miaka ya 1960 na 1970, ambapo kiasi kinachozalishwa na malipo ya mkulima hudhibitiwa. Wakulima hupata uhakika, na bei ya dukani haiyumbi sana, lakini pia haishuki kama ya Marekani. Kwa maziwa, nafuu imo katika mfuko: Ontario huuza lita nne katika vifuko vitatu vya plastiki vilivyotiwa ndani ya kimoja, na ukilinganisha na paketi nne za lita moja moja tofauti ni kubwa. Kifuko huwekwa ndani ya jagi na kukatwa pembe kwa mkasi. Mgeni hucheka mara ya kwanza.

Muhogo wenye majina matatu

Ndege ya kwanza ya Wahindi waliofukuzwa na Idi Amin kutoka Uganda ilitua Montreal tarehe 28 Septemba 1972, na zaidi ya watu elfu sita walipokelewa Canada. Wengi wao, pamoja na jamaa zao wa Kenya na Tanzania waliofuata, walifanya makazi Toronto, hasa pande za Don Mills na Thorncliffe Park. Walikuja na Kiswahili chao, na walikuja na hamu ya muhogo. Ndiyo sababu katika maduka ya Kihindi utaukuta kwenye majokofu ukiwa umemenywa na kugandishwa, umeandikwa mogo, jina walilolitohoa kutoka lugha yetu. Katika duka kubwa la kawaida muhogo huo huo huitwa yuca, umetoka Amerika ya Kati, umepakwa nta ili usikauke, na unaulipia pamoja na maganda yake. Katika duka la watu wa Afrika Magharibi huitwa cassava. Linganisha bei ya majina yote matatu. Kwa familia yangu mogo ya jokofu ndiyo iliyoshinda, kwa kuwa hakuna cha kutupa.

Unga wa ugali unahitaji tahadhari. Ule wa Kimeksiko hutokana na mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, na ule wa Venezuela na Colombia umekwishapikwa kiwandani. Vyote ni vyakula vizuri kwa wenyewe, ila sufuria yako itakushangaza. Tafuta unga wa mahindi meupe katika maduka ya Waafrika, au semolina na unga wa mahindi wa manjano kwa Wahindi. Pilipili, bizari, iliki na mdalasini visinunuliwe katika chupa ndogo za duka kubwa. Kwa Wahindi na Waarabu wa Barabara ya Lawrence Mashariki huuzwa kwa mifuko, na bei haina mfano. Mbuzi ni ghali kila mahali. Wanaojua huchanga familia tatu au nne, wakanunua mbuzi mzima kwa mchinjaji na kugawana, utaratibu ambao hakuna Mswahili anayehitaji kufundishwa.

Lakini maduka haya yametawanyika, na si kila mtu ana gari. Hapa pana nafuu ndogo ambayo wengi hawaitumii. Tangu Agosti 2018 nauli moja ya mabasi na treni za jiji iliyolipwa kwa kadi ya Presto inatumika kwa saa mbili kuelekea popote, hata kurudi ulikotoka. Ukipanga vizuri utakwenda, utanunua na kurudi kwa nauli moja. Ukichelewa kwa mazungumzo kwenye foleni, na Waswahili tunajijua, utalipa ya pili.

Tarehe, risiti na pointi

Chakula kingi hutupwa kwa kutoielewa tarehe. Canada huandika tarehe za aina mbili. Moja ni ya ubora, inayosema bidhaa itakuwa katika hali yake nzuri hadi siku hiyo ikiwa haijafunguliwa; haisemi kuwa kesho yake ni sumu, na duka linaruhusiwa kuiuza baada ya hapo. Nyingine ni tarehe ya mwisho wa matumizi, ambayo ni lazima kuiheshimu, nayo sheria huitaka kwenye bidhaa za aina tano tu, yakiwemo maziwa ya unga ya watoto wachanga. Maduka hupunguza bei ya vitu vinavyoikaribia tarehe ya ubora. Programu ya simu iitwayo Flashfood, iliyoanzishwa Toronto mwaka 2016, huonyesha vitu hivyo na duka vilipo, mara nyingi kwa nusu ya bei. Nyama ya namna hiyo ipike au igandishe siku ile ile.

Risiti isomwe kabla ya kutoka mlangoni. Tangu mwaka 2002 uko mwongozo wa hiari, unaofuatwa na maduka mengi makubwa, kwamba bei iliyosomwa na mashine ikizidi iliyoandikwa kwenye rafu, mteja alipwe fidia: kiwango kilichowekwa mwaka huo kilikuwa kwamba kitu cha dola 10 au chini yake kitolewe bure, na cha zaidi kipunguzwe dola 10. Mtunza fedha hatakukumbusha. Lazima uombe, kwa upole, na uwe tayari kumngoja msimamizi. Wengi wetu tuna haya ya kusimamisha foleni kwa ajili ya senti 60. Nilikuwa nayo, nimeiacha.

Kuhusu vipeperushi vya kila juma, ambavyo kwa kawaida huanza kutumika siku ya Alhamisi, na kadi za pointi, nitasema machache. Vipeperushi vinafaa ikiwa chakula cha juma kitapangwa baada ya kuvisoma, si kabla. Baadhi ya maduka ya bei nafuu hukubali kulinganisha bei yao na ya mshindani ukiwaonyesha, kwa masharti yao. Pointi ni punguzo la kweli, pointi 10,000 za PC Optimum huwa dola 10, lakini kampuni haitoi zawadi bila sababu: inanunua habari za kapu lako, na inakuvuta ununue ambacho hukukusudia. Nimeona mtu akinunua vifuko vinne vya biskuti ili apate pointi za dola mbili.

Na ikiwa hesabu zote hizi hazitoshi, kwa sababu kipato chenyewe hakitoshi, vituo vya kugawa chakula vipo karibu katika kila upande wa jiji, vikiwemo vinavyotoa chakula cha halali. Shirika la FoodShare, lililoanzishwa mwaka 1985, huuza makapu ya mboga na matunda. Waliotoka kambi za Nyarugusu au Kakuma hunieleza kuwa waliapa kutopanga tena foleni ya mgao maishani mwao, na ninawaelewa. Wanaosimama katika foleni hizo siku hizi, hata hivyo, wamo wengi wenye ajira.

Nirudi kwenye sukuma wiki. Jiji hukodisha vishamba vidogo kwa wakazi kwa ada ya mwaka, ingawa orodha ya wanaosubiri ni ndefu katika mitaa mingi, kwa hiyo andikisha jina mapema. Asiye na kishamba atatumia ndoo kwenye baraza la ghorofa, mradi jua linafika na mwenye nyumba hakatazi. Miche hupandwa baada ya katikati ya Mei, baridi kali ikishapita. Mchicha hufa kwa jalidi ya kwanza ya Oktoba. Sukuma huvumilia, na majani yake huzidi utamu baada ya jalidi. Mwaka jana tulichuma ya mwisho katika juma la pili la Novemba, theluji ya kwanza ikiwa imekwishaanguka.